Mayiti Mwepesi wa Kibokoni

Kabla ya yote niseme: alikuwa wa plastiki. Naanza na hilo kwa sababu siku ile sikuanza nalo.

Nafundisha anatomia kwa wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza. Maiti za kweli tunazo, lakini hizo zina sheria yake na hazitoki chumbani mwao. Somo la mifupa tunalianza na kiunzi cha plastiki, urefu wa mtu mzima, mifupa yote 206 ukitoa vile vidogo 6 vya masikioni. Kinaning'inia kwa chuma kilichopita ndani ya uti wa mgongo kikatokeza utosini. Mwanafunzi mmoja akakipa mkono wa Idi kwa mikiki, chuma kikakatika kiunoni.

Nikampelekea fundi wa kuchomelea, Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Akaunga chuma, akazipiga gundi pingili 5 za kiuno, kisha akaniambia, "Mwalimu, huyu mpaka kesho asikunjwe. Alazwe ubaoni." Mkewe akasema watoto wa mtaa watalala na homa wakimwona, akatoa shuka nyeupe, akamfunika gubigubi, na juu akamfunga kwa leso yake, yaani kanga. Gari nilikuwa nimeliacha Ngomeni, penye Fort Jesus, maana vichochoro vile hata mkokoteni hupita ukiomba radhi. Nikashika mbele, mwanafunzi wangu, kijana wa bara, akashika nyuma.

Saa sikuitazama. Tulifika mlango wa msikiti watu ndio wanatoka kuswali adhuhuri.

Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa. Jeneza likipita, wanaume hawabaki wametazama. Kabla sijafumbua mdomo, bega la mtu lilishaingia chini ya ubao na langu limeondolewa kwa heshima. Hatua kumi baadaye nilikuwa nyuma, nafuata msiba wangu mwenyewe.

Mzee mmoja mwenye bakora akaja ubavuni.

"Pole, mwanangu."

"Ahsante, ami." Hiyo ahsante ndiyo iliyonimaliza.

Akaitazama leso. "Mwanamke?"

Ulimi wa mwalimu hauna subira. "La, mwanamume. Nyonga nyembamba, na ile pembe ya chini ya kinena haifiki digrii 90."

Mzee akanishika mkono, kama ashikwavyo mtu aliyepandwa na majonzi kichwani. "Aliumwa nini?"

"Uti wa mgongo, ami. Ulikatika."

"Lahaula! Hamkumpeleka hospitali?"

"Tulimpeleka kwa fundi."

Akanyamaza kidogo. "Na jamaa zake?"

"Hana. Aliletwa kutoka Uchina."

"Mgeni, maskini!"

Neno likakimbia mbele: mgeni, hana mtu. Hapo ndipo palipoharibika kabisa. Muuza kahawa akaweka dele chini, mwenye duka akarudisha mlango nusu, na watu wakawa wanatoka kila kichochoro huku wakivaa kofia. Tulikuwa wawili, sasa hata kuhesabu sikuweza.

"Mwepesi huyu!" akasema mmoja wa wachukuzi.

"Ndivyo wawavyo watu wa kheri," akajibiwa. "Ana haraka na alikoitwa."

Hafiki kilo 10. Ubao ulimzidi.

Mwanafunzi wangu akaninong'oneza, "Mwalimu, waambie."

"Waambie wewe."

"Mimi ni mtu wa bara. Nikianza mimi, hatutafika salama."

Tulipoingia Ndia Kuu, mchukuzi wa mbele akajikwaa. Sasa, taya la kiunzi kile limeshikwa kwa springi ili tuwaonyeshe wanafunzi jinsi linavyofunguka. Likafunguka. Likafunga. *Ka!*

Wachukuzi walikuwa wanne, wakabaki wawili. Mmoja nilimwona juu ya baraza ya watu, kanzu kaikusanya mpaka magotini. Shuka ikafunuka, mkono ukaning'inia nje, misumari ya kiwiko inametameta juani.

Yule mzee hakukimbia. Akasogea, akagonga fuvu kwa bakora: ko, ko. Akamtazama marehemu kwa utulivu, kisha akanitazama mimi.

"Huyu," akasema, "alikufa lini?"

Nikaeleza yote kwa pumzi moja, kama mwanafunzi kwenye mtihani wa mdomo: chuo, chuma, gundi, mke wa fundi. Kicheko kikaanzia nyuma kwa wavulana, kikaja mpaka mbele. Muuza kahawa akakaa chini kabisa. Mzee peke yake hakucheka. Aliwaita waliokimbia mmoja mmoja kwa majina, mpaka yule wa barazani.

"Nia mlishaweka," akawaambia. "Mchukueni."

Wakamchukua mpaka Ngomeni, watalii wakipiga picha. Garini hakuenea; miguu ilitoka nje ya dirisha la nyuma, tukaifunga ile leso iwe alama kwa madereva. Ndipo nilipolisoma jina lake: *Wasemao na waseme*.

Juzi nilikwenda kuirudisha. Mzee alikuwa barazani, kikombe mkononi, na wenzake wanne. Nikainamisha kichwa nipite upesi.

"Mwalimu!" akaniita. "Gundi ilishika?"