Kilomita 600 za nini kwa anayetembea?

Rafiki yangu aliuliza juzi waende wapi kwenye milima ya Alps, yeye na mkewe. Yeye anateleza kwa skii, shemeji anatembea kwa viatu vya theluji, yaani vibao vipana vinavyofungwa chini ya viatu ili mtu asizame. Majibu yalimiminika: nendeni Les 3 Vallées, eneo la skii la Ufaransa, kuna njia za kilomita 600! Nendeni Zermatt, Uswisi, magari ya waya yanapanda hadi mita 3,883! Shemeji hakutajwa na yeyote. Jambo hili limenikera kweli.

Kwa mwenye skii, ushauri huo una mantiki. Anahitaji mwinuko ili theluji idumu, na miteremko inayotazama kaskazini ambako jua haliifikii sana. Val Thorens, kijiji kimojawapo cha Les 3 Vallées, iko mita 2,300, hatakosa theluji.

Lakini kuna kitu washauri hawa hawakisemi. Anayeteleza ndani ya njia za kituo cha skii analindwa na kazi ya watu wengine. Alfajiri, wakati yeye bado amelala, wako wanaolipua theluji inayotishia kuporomoka na kufunga njia zisizo salama. Anayevaa viatu vya theluji akishatoka kijijini, hakuna aliyemfanyia hivyo. Watu humwambia ni matembezi tu, hata mtoto anaweza. Si kweli! Mteremko wa nyuzi 30 na zaidi unaweza kuporomoka chini ya miguu yake, na hata akipita bondeni tambarare, theluji ya juu inaweza kumfikia. Kiwango cha hatari ya maporomoko kikiwa 3 kati ya 5, wengi huona ni cha wastani, wakati siku za kiwango hicho huua watu wengi. Kwa hiyo uchaguzi wake uanze na ramani inayoonyesha miteremko mikali, kisha taarifa ya maporomoko, ambayo Uswisi hutolewa saa kumi na moja jioni kwa ajili ya kesho yake. Idadi ya magari ya waya haimhusu.

Mimi ningewapeleka milima ya Vercors, Ufaransa. Walale mji wa Villard-de-Lans: mume atapata miteremko ya kutosha, na shemeji atapata misitu na nyanda za juu zisizo na ukali mwingi, mahali pa kutembea kutwa bila kusikia mashine. Nakubali, huko ni chini zaidi na theluji haina uhakika kama ya Val Thorens. Basi waende Januari au Februari, wasingoje Pasaka.

Popote watakapokwenda, washike njia zilizowekwa alama. Baadhi ya ndege wa msituni hujichimbia chini ya theluji kuokoa nguvu, na kila wanapokurupushwa wanatumia akiba ya nguvu ambayo ni vigumu kuirudisha.

Na mwaka huo theluji ya Vercors ikiwa haba, mume ndiye asafiri siku moja kwenda juu zaidi. Magari ya waya yamejengwa kwa ajili yake.