Daraja Jipya Litangulie, la Zamani Lifuate

Mwezi uliopita nilipita Karuma, penye daraja la mto Nile kaskazini mwa Uganda, nikielekea Gulu. Basi lilipopunguza mwendo kuingia darajani, mama aliyeketi mbele yangu alishika kiti kwa mikono miwili, na hakukiachia mpaka tulipofika ng'ambo. Baadaye alinieleza kwamba daraja hilo lilipofungwa kwa ukarabati mnamo Septemba 2024, alimsindikiza binti yake mjamzito kutoka Kampala kwa kuzungukia Masindi, Paraa iliyo ndani ya hifadhi ya wanyama ya Murchison Falls, na Pakwach, na kwamba njia nzima alikuwa akiomba mtoto asije kuzaliwa mbugani.

Daraja la Karuma lilijengwa mwaka 1963. Kwa zaidi ya miaka sitini limebeba mabasi yetu, mazao ya kaskazini, na malori mazito yaendayo Sudan Kusini na Kongo. Zege huchoka na nondo hushika kutu. Mafundi waliolijenga walilijua hilo. Kwa nini basi siku ya kulifunga ilipofika hapakuwa na daraja jingine pembeni yake? Malori yalielekezwa kupitia Tirinyi, Mbale, Soroti na Lira, na gharama ya mafuta ya mzunguko huo, hata kama aliyeilipa mwanzo ni mwenye lori, haiwezi kukosa kumfikia mnunuzi wa sabuni na sukari kule Arua.

Nakubali kwamba ukarabati ulifanyika na magari yanapita tena. Nakubali pia kwamba fedha ni chache. Lakini Jinja, Nile inapotoka Ziwa Victoria, tuliweza. Kwa miongo sita barabara kuu ya kwenda Kenya ilipita juu ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo leo tunaliita Nalubaale, mpaka Oktoba 2018 lilipofunguliwa daraja jipya la nyaya lenye urefu wa mita 525, lililojengwa kwa mkopo wa Japani. Jipya lilikamilika kwanza, ndipo njia ya zamani ikapunguziwa mzigo. Utaratibu huo ndio ninaoudai kwa kila mto wetu, kwa sababu mwaka 2023 mafuriko yalipoikata barabara ya Masaka pale Katonga, tulikumbushwa kwamba maji hayasubiri bajeti.

Kuhusu Nalubaale yenyewe, wapo wanaosema kwamba bwawa likizeeka livunjwe tu. Hilo halisemwi kwa wepesi. Mwamba wa maporomoko ya Ripon, uliokuwa ukizuia maji kwa asili, ulichimbwa bwawa lilipojengwa, na tangu hapo kiasi cha maji yanayotoka Ziwa Victoria kinategemea milango ya kuachilia maji bwawani Jinja. Anayeligusa bwawa hilo anagusa mialo ya Kisumu na Mwanza pia. Mrithi wake lazima asanifiwe sasa, wakati la zamani lingali imara, tena kwa kushauriana na majirani.

Ninachoiomba Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi si kikubwa: kwa kila daraja la mto mkubwa, itangaze mwaka lilipojengwa, tarehe ya ukaguzi wa mwisho, mafundi walichokiona chini ya sakafu yake, na mwaka ambao ujenzi wa mrithi wake utaanza. Ianze na daraja la Pakwach, kwa kuwa Karuma ilipofungwa, mama yule na binti yake walipitia huko.