Kabla ya kuwapandisha watoto ndege kwenda Dubai

Mikataba mingi ya kazi ya Dubai inayowafikia watu wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi imeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja. Haimtaji mwenzi, haimtaji mtoto wa miaka mitatu, wala haisemi ada ya shule italipwa na nani. Msimamo wangu ni kwamba aliyepata kazi atangulie peke yake, na familia ifuate baada ya nyumba kusainiwa na nafasi ya shule kupatikana. Na kama mwajiri hachangii kodi ya nyumba wala ada, mshahara huo upigiwe hesabu upya kabla ya yeyote kuacha kazi yake nyumbani.

Chukua mshahara wa dirham 12,000 kwa mwezi, karibu dola 3,270, kwa kuwa dirham imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.6725. Mkataba utaugawa: mshahara wa msingi kwanza, kisha posho za nyumba na usafiri. Wengi hutazama jumla tu, na hapo ndipo wanapopoteza, maana kiinua mgongo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi peke yake: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Msingi ukiwa 5,000, miaka 5 inakupa 17,500. Ukiwa 8,000, unapata 28,000. Jumla ya mwezi haijabadilika hata dirham moja, lakini tofauti ni 10,500. Bima ya kukosa kazi, ambayo ni lazima tangu 2023, nayo hulipa asilimia 60 ya mshahara wa msingi kwa miezi isiyozidi 3, tena kwa aliyeichangia miezi 12 mfululizo. Jadili msingi kabla ya kusaini, kwa sababu ukishafika na familia inakungoja huna tena nguvu ya kujadili. Na wakala akikudai "hela ya visa", simama hapo hapo: sheria ya kazi ya huko inakataza mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa.

Nyumba ndiyo inayomeza fedha ya mwanzo. Kodi hutajwa kwa mwaka na hulipwa kwa hundi za tarehe za mbele, moja, mbili, nne, wakati mwingine kumi na mbili. Hundi zikiwa chache, bei hulegea. Tuseme umepata fleti ya 60,000 kwa mwaka, kwa hundi nne. Siku ya kusaini utatoa 15,000 ya hundi ya kwanza, 3,000 za amana ya mwenye nyumba (asilimia 5 kwa nyumba isiyo na samani), 3,000 za dalali na VAT yake 150, kisha 2,000 za amana ya umeme na maji kwa DEWA. Hizo ni 23,150 kabla ya kununua godoro la kwanza, na bado hujalipia usajili wa mkataba kwenye mfumo wa Ejari. Baada ya hapo bili ya DEWA itabeba pia tozo ya manispaa ya asilimia 5 ya kodi ya mwaka, yaani 250 kila mwezi kwa mfano huu. Uliza pia ubaridi wa kiyoyozi unalipwa na nani. Kuna majengo ambayo umo ndani ya kodi, na kuna mengine yenye kampuni yake, amana yake na bili yake, na bili hiyo hupanda sana miezi ya joto, wakati watoto wanashinda ndani kutwa kwa sababu nje ni zaidi ya nyuzi 40.

Hundi hizo nazo hupati siku ya kushuka uwanja wa ndege. Kwanza ukaazi, kisha kitambulisho cha Emirates ID, kisha akaunti ya benki, ndipo kitabu cha hundi. Hii ndiyo sababu kubwa ya kumtanguliza mmoja. Mtu mzima anaweza kuvumilia wiki kadhaa za kitanda cha kukodi katika chumba cha watu wengine. Mtoto mchanga hawezi, na kwa Dubai kuishi kwa kujibana namna hiyo kuna sheria zake, maana wakazi wote wa nyumba wanatakiwa kusajiliwa.

Wapo wanaokimbilia Sharjah au Ajman, falme jirani na Dubai, kwa kuwa kodi ni nafuu. Ni kweli ni nafuu, lakini foleni ya kwenda Dubai asubuhi na kurudi jioni ni ndefu kiasi kwamba mzazi huondoka watoto wamelala na kurudi wamelala. Kwa familia changa, naona ni heri chumba kimoja karibu na kazi kuliko vyumba viwili mbali. Wenye watoto watano watabisha, na wana haki.

Shule ndiyo bili ambayo wageni wengi huikadiria kidogo mno. Watoto wa wageni, karibu wote, husoma shule za binafsi. Kwa Dubai, mamlaka inayosimamia shule za binafsi, KHDA, huchapisha mtandaoni ada iliyoidhinishwa ya kila shule pamoja na ripoti za ukaguzi, kwa hiyo hakuna haja ya kutegemea maneno ya jirani. Shule za mtaala wa India na Pakistan kwa kawaida ni nafuu kuliko za mtaala wa Uingereza. Tuseme umechagua ya 20,000 kwa mwaka na una watoto wawili: ni 40,000, karibu 3,333 kwa mwezi. Jumlisha na kodi, 5,000 kwa mwezi, umefika 8,333. Katika ule mshahara wa 12,000 zimebaki 3,667 za chakula, usafiri, bima, basi la shule, sare, na za wazazi walioko nyumbani. Ndiyo maana nasema kifungu cha ada kiandikwe kwenye mkataba, kitaje idadi ya watoto na kiwango cha juu kwa kila mmoja. "Tutaangalia ukifika" si ahadi.

Kalenda nayo ina mtego. Kwetu Tanzania na Kenya mwaka wa shule huanza Januari. Shule za mtaala wa Uingereza huko huanza mwisho wa Agosti, na nyingi za mtaala wa India huanza Aprili. Anayehamisha watoto Januari anawaingiza katikati ya mwaka, nafasi zikiwa zimejaa. Kiarabu ni somo la lazima hata kwa wasio Waarabu, na watoto wa Kiislamu husoma pia elimu ya dini shuleni. Kwa mtoto wa pwani aliyepita chuoni, yaani madrasa, hiyo ni faida kubwa.

Makaratasi yaanze nyumbani, miezi kabla ya safari. Kumdhamini mke na watoto, mshahara usiwe chini ya dirham 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba. Hicho ni kima cha kuruhusiwa tu. Kuishi ni jambo jingine. Cheti cha ndoa na vya kuzaliwa hupita ngazi kwa ngazi: kwa Tanzania Bara ni RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi), kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu, halafu muhuri wa wizara yao mkifika, na tafsiri ya Kiarabu ya mtafsiri aliyeidhinishwa. Kinachokwamisha zaidi ni majina: "Mohamed" kwenye pasipoti, "Muhammed" kwenye cheti cha mtoto. Sahihisha kabla ya muhuri wa kwanza. Cheti usikilaminishe, na ndoa ya msikitini au ya kimila ambayo haijasajiliwa serikalini isajiliwe sasa.

Kadi ya kliniki ya mtoto isiachwe. Shule na hospitali zitauliza chanjo. Dawa zenye kodeini, hata za kikohozi, pamoja na tramadol na diazepam, zinadhibitiwa vikali na zinahitaji kibali kabla ya safari. Na bima: Dubai humlazimu mwajiri kumkatia mfanyakazi, lakini mwenzi na watoto hukatiwa na aliyewadhamini. Kama mnatarajia mtoto, soma kifungu cha uzazi kabla ya kulipa. Atakayezaliwa huko hapati uraia. Apatiwe ukaazi ndani ya siku 120.

Malezi yajadiliwe mapema. Kumdhamini dada wa kazi, kipato cha familia kinatakiwa kufika dirham 25,000 kwa mwezi, hivyo aliyewalelea watoto Tanga au Malindi hatakuja nanyi. Mwenzi aliyeacha kazi nyumbani ndiye atakayebaki ndani na mtoto, na visa ya familia peke yake haimruhusu kuajiriwa bila kibali cha kazi. Hilo aambiwe wazi, naye akubali mwenyewe.

Kazi ikikatika, visa za familia hutangulia kufutwa, ndipo yako, na muda wa kukaa baada ya hapo kwa wengi ni mfupi kuliko muhula mmoja wa shule. Weka kando tangu mwezi wa kwanza fedha za tiketi za wote. Hundi za kodi zilizobaki kwa mwenye nyumba bado zina tarehe zake, na moja ikikataliwa benki deni linaweza kwenda kwenye utekelezaji wa mahakama na kukuzuia kusafiri. Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi hundi hata moja, mkataba wa nyumba uwe na kifungu cha kuuvunja mapema, chenye adhabu iliyotajwa kwa tarakimu. Kwa kawaida huwa kodi ya miezi 2.