Nahodha Mwenye Adabu za Kiingereza

Binamu yangu ni nahodha wa mashua hapa Lamu, huwapeleka wageni Shela, Manda Toto na kwenye magofu ya Takwa. Bahari aijua hata usingizini. Kilichomponza ni Kiingereza chake, maana kilikuwa amri tupu: "Sit! Move! Heads down!" Bibi mmoja wa Kizungu alimwambia wazi kwamba yeye amekuja likizo, hakuja jeshini.

Basi akanijia. Mie hufundisha tuisheni vijana wa Kidato cha Nne, na lile swali la mtihani wa KCSE la kuandika sentensi upya bila kubadilisha maana ndilo linaloniweka mjini. Nikamkalisha barazani, nikamweleza kwamba sentensi za Kiingereza kwa kazi yake ni aina nne: taarifa, swali, amri na mshangao. Amri ukitaka iwe na adabu, ivishe kanzu ya swali. Tanguliza "Would you mind", kitenzi kitie -ing, malizia "please". Taarifa nayo waweza kuibandika mkia wa swali: "It is hot, isn't it?"

Tukafika kwenye kutendwa. Yambwa, yaani mtendwa, huja mbele, mtenda hurudi nyuma baada ya "by", na ukipenda wamfuta kabisa.

"Wamfuta?" Macho yalimng'aa. Nikadhani ni kupenda elimu.

Nikamwongeza kwamba vitenzi visivyo na yambwa, kama kuanguka, havigeuki kuwa vya kutendwa hata ufanyeje. Hilo nalo akaliweka akiba.

Siku ya kujaribu akanipakia pamoja na wageni wa Takwa. Kule huingii mpaka maji yajae, kwa kuwa ule mkono wa bahari katikati ya mikoko hukauka maji yakitoka. Wageni waliduwaa mbele ya lile kaburi la nguzo, maji nayo hayamngoji mtu, ikawa tunarudi kwa haraka na upepo wa kusi umetukabili usoni. Twabisha, yaani twaukata upepo kwa kwenda upande huu na huu. Aliyepanda mashua ajua maana yake: tanga likipinduliwa, kamba ya demani hupita kwenye vichwa vya watu bila kubagua. Kwa Kiswahili ilani yake ni neno moja tu: "Inama!"

Binamu akasimama kwenye usukani, akasafisha koo. "Ladies and gentlemen, would you mind..."

Baharia wake akainama. Wageni wakamwona, wakainama. Mie nimenyoosha shingo, nangoja kitenzi kipate -ing yake.

"...lowering..."

Kilipata. Nami nikapata demani ya kisogo.

Nilizama na simu, na miwani, na kofia yangu ya kushona kwa mkono, ile ya Idi. Nilipoibuka natema chumvi, mashua ilikuwa imezunguka na binamu ameniinamia, mpole kuliko mhudumu wa hoteli:

"Would you like to be pulled out?"

Wageni wakapiga makofi. Swali na kutendwa ndani ya sentensi moja! Ningekuwa nchi kavu ningempa maksi zote. Nilimjibu kwa amri, kwa Kiswahili, na maneno yenyewe siyaandiki hapa.

Gatini akataka nauli yake. "The price is five thousand, isn't it?"

"No, it isn't," mgeni akajibu, akahesabu elfu tatu.

Wazee wa gatini wakauliza mwalimu kalowaje. "Kaanguka," akasema, kisha akawageukia wageni: "He fell." Hakusema nimepigwa, maana kupigwa kuna mpigaji. Kuanguka kwaanzia kwangu na kwaishia kwangu, na kadhi mwenyewe hapati wa kumwita.

Nikamdai ada ya masomo na bei ya simu. Akaweka mkono kifuani.

"You will be paid."

"Na nani?"

"Ah, mwalimu! Si ulisema ukipenda wamfuta?"