Madema ya Wami'kmaq: nani apange msimu wa kambakoche?

Septemba 17, 2020, kwenye gati la Saulnierville, Nova Scotia, Kanada, Sipekne'katik, jamii mojawapo ya Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa eneo hilo, ilianza kuwapa wavuvi wake leseni za kambakoche ilizojitungia yenyewe. Tarehe haikuja kwa bahati. Siku kama hiyo mwaka 1999, Mahakama ya Juu ilimpa ushindi Donald Marshall, Mmi'kmaq aliyeshtakiwa kwa kuvua mikunga bila leseni na kuwauza kwa dola 787. Mikataba ya 1760 na 1761 na Waingereza, ilisema mahakama, inawapa Wami'kmaq haki ya kuvua na kuuza wapate riziki ya wastani: chakula, mavazi, nyumba, si kujilimbikizia mali. Idadi ya madema, yaani mitego, haikuitaja.

Wavuvi wa kibiashara wasio Wami'kmaq waliwaka. Msimu wao pale hufunguliwa mwishoni mwa Novemba. Kambakoche, wanasema, hujivua gamba na kuzaana majira ya joto, basi waachwe. Hoja hii ina uzito, na mahakama hiyohiyo ilifafanua baadaye kwamba serikali inaweza kuweka masharti ili kulinda samaki.

Lakini tupige hesabu. Leseni ya Sipekne'katik iliruhusu madema 50. Ya kibiashara eneo hilo inaanzia 375. Leseni saba za Wami'kmaq hazifikii chombo kimoja cha jirani. Kwa hesabu hiyo, ghala lililowahi kuhifadhi kambakoche wa Wami'kmaq, likateketezwa kwa moto Oktoba ile, halikuchomwa kwa uchungu wa bahari.

Hofu yenye mashiko zaidi ni ya kesho: jamii za Wami'kmaq mkoani ni 13, na zote zikifuata njia hiyo, madema hayatabaki machache. Wapo pia wanaouliza Wami'kmaq wanalalamikia nini, ilhali muungano wa jamii zao, ukiongozwa na jamii ya Membertou, ulishirikiana na kampuni nyingine kuinunua Clearwater, kampuni kubwa ya vyakula vya bahari, kwa dola bilioni moja. Swali hilo halinishawishi. Hisa za jamii hazimpi kijana mwenye boti ndogo ruhusa ya kutega.

Lawama kubwa naiweka Ottawa, kwa serikali kuu ya Kanada, iliyokaa miaka 21 hadi 2020 bila kukubaliana na Wami'kmaq kuhusu kipimo cha riziki hiyo. Ningeanza na msimu: Wami'kmaq na wanasayansi wa serikali wahesabu kambakoche pamoja, na kiwango cha madema ya kiangazi kipangwe mezani, kwa sahihi za pande zote mbili.