Cherehani Zangu Hazina Zebaki

Asubuhi ya leo, kabla sijapiga mswaki, jirani wa mlango wa tatu amenigongea akiwa ameshika suruali ya shule ya mwanawe, iliyochanika palepale suruali za wavulana huchanika. Aliponiona nasitasita alichungulia juu ya bega langu, akazihesabu kwa kidole cherehani zilizopangwa ukutani, akafika kumi na moja, kisha akaniuliza kwa upole wa kutisha: "Baba Zawadi, yaani katika hizi zote hakuna hata moja inayoshona?"

Zote zinashona. Asiyeshona ni mimi.

Jambo hili nimelieleza kwa ufasaha katika ploti nzima na bado halijaeleweka. Mimi hukusanya cherehani za zamani na kuzitengeneza. Nazifungua, naziosha, nazitia mafuta, nazitazama zikizunguka bila kelele, na hapo furaha yangu hukamilika. Nikipewa kitambaa, mshono wangu huyumba kama mlevi anayetafuta geti la kwao. Niliwahi kuuliza kama fundi wa injini za ndege hulazimika kuirusha ndege, na Mama Zawadi akanijibu kwamba fundi wa injini za ndege hulipwa.

Ninyi mnaoishi vyumba viwili mnaelewa hesabu ya nafasi, kwa hivyo sitawachosha kwa kueleza kwa nini mbili zinalala chini ya kitanda na kwa nini televisheni yetu imekaa juu ya miguu ya chuma ya cherehani ya pedali. Mtu asiyejua huona vyuma vyeusi tu. Ile ya mkono iliyo karibu na mlango, kwa mfano, namba yake inaanza na herufi EF, maana yake ilitoka katika kiwanda cha Singer cha Clydebank, Scotland. Kiwanda hicho kilikuwa na mnara wenye saa kubwa ajabu, ukabomolewa mwaka 1963, mwaka uleule tuliopandisha bendera yetu hapa Kenya, na mwaka 1980 kiwanda chenyewe kikafungwa. Mnara hakuna, kiwanda hakuna, lakini cherehani iko kwangu inazunguka kwa kidole kimoja. Blenda niliyoinunua mwaka jana imekwisha kufa mara mbili.

Adui wa kazi hii si kutu bali ni mafuta ya kupikia. Karibu kila cherehani ninayoipata iliwahi kupakwa mafuta ya chapati na mtu mwenye nia njema. Mafuta hayo yakikaa hugeuka gundi ya rangi ya asali, gurudumu likagoma, na mwenyewe akatangaza kwamba mashine imekufa. Mimi huifufua kwa mafuta ya taa, tone kwa tone, siku tatu mfululizo, huku nyumba ikinuka hadi wageni wanauliza kama stima imekatwa. Mpwa wangu alipokuja kunisaidia nilimwonya asipanguse kwa spiriti, kwa sababu ile rangi nyeusi inayong'aa imefunikwa kwa shelaki, aina ya vanishi, na spiriti huiyeyusha shelaki pamoja na mapambo yake ya dhahabu. Akapangusa kwa spiriti. Cherehani yangu yenye picha za Sphinx, yule simba mwenye kichwa cha mtu, sasa imebaki na makalio ya simba peke yake, ilhali hata ile ya Misri, pamoja na karne zote hizo za jua na mchanga, ilipoteza pua na ndevu tu.

Skrubu ndizo adui mwingine. Singer walichonga hesi kwa vipimo vyao wenyewe, kwa hivyo skrubu ya dukani haiingii hata uisomee dua. Fundi mmoja wa Kamukunji alinipa suluhisho la haraka, kwamba tulipanue tundu kwa drili. Nikaichukua cherehani yangu nikaondoka bila kuaga. Nilipoipandisha kwenye matatu, kondakta alinitoza nauli ya kiti chake, kisha akaniamuru niipakate ili abiria mwingine akikalie kiti hicho nilichokilipia. Wanunuzi wa chuma chakavu nao wanapita na mizani yao kila wiki, wakiniuliza kama nimebadilisha nia.

Hawa wote nimewasamehe. Nisiyemsamehe ni yule bwana wa Jumamosi iliyopita.

Aliletwa na kearetaka. Alikuwa amevaa viatu vyenye ncha, na nyuma yake alifuatwa na mtu mnyamavu mwenye begi, aliyemtambulisha kwa neno moja tu, "mtaalamu". Aliniita mzee, ingawa kwa mvi zile alinizidi miaka kumi. Alizitazama cherehani zangu mikono ikiwa nyuma, kama mtu aliyeingia makavazi, kisha akauliza: "Mzee, kuna za kabla ya Vita vya Pili hapa?"

Nakiri kwamba moyo wangu uliruka. Miaka yote hii sijawahi kuulizwa swali hilo na mtu mwenye akili timamu. Nikamwambia Mama Zawadi aweke chai, mkate ukakatwa, na mimi nikaanza tangu mwanzo: jinsi Mmarekani Elias Howe alivyopata hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1846 kwa mashine yenye sindano iliyotobolewa tundu karibu na ncha, jinsi Isaac Singer alivyopata yake mwaka 1851, jinsi walivyoburutana mahakamani, na jinsi kampuni ya Singer ilivyoanza mapema kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo, deni ambalo sisi leo tunaliona ni uvumbuzi wa simu. Bwana yule alinisikiliza kama watu wanavyosikiliza hotuba ya tatu matangani huku pilau ikinukia. Nilipofika kwenye kile kifuko cha uzi chenye umbo la risasi, aliniinamia akaninong'oneza: "Na zebaki nyekundu?"

Mtakumbuka uvumi ulioikumba Saudi Arabia mwaka 2009, kwamba cherehani kuukuu za Singer zimefichwa ndani yake zebaki nyekundu, kitu cha thamani kuliko dhahabu, hadi mashine moja ikatajiwa bei ya makumi ya maelfu ya riyali. Ilisemekana kuwa ukiisogeza simu karibu na sindano na mazungumzo yakakatika, basi zebaki imo. Zebaki hiyo haipo popote duniani. Ndani ya cherehani mna chuma, mafuta, na manyoya ya nguo za watu waliokwisha kufa. Nilimweleza hivyo kwa utaratibu. Akamgeukia mtaalamu akasema: "Pima."

Mtaalamu akatoa simu, akampigia bwana wake aliyekuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, wakasalimiana vizuri kabisa, kisha akaisogeza simu kwenye sindano ya EF. Laini ikakatika. Wakakumbatiana.

Nikawaambia kwamba katika nyumba hii simu hukatika kila siku, kwamba mtandao unashika dirishani tu, tena ukisimama upande wa kushoto wa sinki, na kwamba mimi nikitaka kuzungumza na mama yangu hushuka hadi ngazi ya pili. "Mzee," akasema, "usitufiche, taja bei." Kwa hasira nikaichukua simu ile mwenyewe, nikaipeleka penye sufuria ya chai. Ikakatika. Nilidhani nimeshinda kesi. Badala yake waliitazama sufuria kwa heshima mpya, na mtaalamu, aliyekuwa hajanisemesha tangu aingie, akafungua kinywa: "Hii mliinunua wapi?"

Hapo ndipo Mama Zawadi alipotokea, yeye aliyevumilia cherehani zote hizi bila kuuliza bei ya hata moja. Akauliza: "Mnatoa ngapi?" Wakasema laki tano. Akavuta kiti. Akawaambia kwamba sufuria si ya kuuzwa, ila cherehani ni za ukoo, jambo ambalo si kweli, kwani ya EF niliitoa kwa mtu wa karatasi na chupa. Bwana akakubali, ila kwanza, alisema, sisi tulipe shilingi 8,000 za maabara, ni utaratibu tu.

"Zikateni kwenye hiyo laki tano," akasema Mama Zawadi.

Pakawa kimya. Bwana akamalizia chai, akaomba kikombe kingine, akakinywa chote, ndipo akakumbuka kwamba ana mkutano. Mlangoni mtaalamu alirudi nyuma, akaliweka begi lake mezani, zipu ikiwa imeng'oka upande mmoja. "Mzee, kwa vile una cherehani..."

Jamani. Mimi si mtu wa kelele, lakini nauliza: kosa langu ni lipi hasa? Mwenye pikipiki tano haletewi abiria usiku. Jamaa wa ghorofa ya juu anafuga njiwa, na sijasikia mtu akimtuma na barua! Mimi nikikaa Jumapili na bisibisi yangu, nikitafuta kwa nini meno hayasukumi kitambaa, tayari kuna mtu nje na pazia la kupunguzwa, mwingine na mizani, na tangu Jumamosi kearetaka ananiangalia kwa jicho la mtu anayepanga kupandisha kodi.

Suruali ya mtoto iko kitini. Ninaweza kuishona, mstari mmoja tu, hata ukiyumba hauonekani, labda ainame. Nimeshaikagua sindano, na nilipotaka kujaza bobini nikagundua kwamba raba ya kujazia imekauka ikapasuka, na bila raba hiyo bobini haizunguki, kwa hivyo itabidi nifike Gikomba. Nikiwa huko nitapitia kwa mama mmoja muuza mitumba anayezuilia mlango wake na kichwa cha cherehani ya bobini ndefu, cheusi, picha zake zote zingali nzima. Juzi alisema atafikiria. Nitabeba gunia, na Mama Zawadi akiuliza, nimeenda kununua raba.