Presha ya Boila Uingereza na Simtanki la Tanga

Sisi tuliokulia Tanga tukija kuishi Uingereza huilaumu baridi kwa mengi, lakini kwa maoni yangu kinachotutatiza zaidi ndani ya nyumba za huku ni maji tusiyoyaona. Nyumbani pampu huyapandisha maji hadi kwenye simtanki, kisha hushuka yenyewe. Presha yake hutokana na kimo tu: kila mita 10 za maji huleta takribani bari 1 (bari ni kizio cha kupimia presha), hivyo mnara wa mita 3 hutoa kama bari 0.3. Yakikatika, unapanda ngazi, unafunua mfuniko na kuchungulia. Boila nyingi za kisasa za huku, yaani mitambo inayochemsha maji ya kupasha nyumba joto, hazina pa kuchungulia. Maji yaleyale huzunguka kwenye redieta, vile vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba joto, na kurudi, na habari zake zote unazipata kwenye kipimo kidogo cha presha. Nyumba za zamani zilikuwa na tanki darini, na baadhi bado zinalo, ndugu kabisa wa simtanki letu.

Kwa kawaida mshale wa kipimo hicho husimama kati ya bari 1 na 1.5 mfumo ukiwa umepoa, na hupanda kidogo ukipata moto, kwa kuwa maji yakipashwa hutanuka. Presha ikishuka mno, boila nyingi hujizima, na hapo ndipo wapangaji tunapoelekezana kufungua koki za mpira wa kujazia, unaoingiza maji ya bomba kwenye mfumo. Ni kweli boila hurudi kazini mara moja, lakini kulifanya hilo kila wiki ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Kama si kwamba umetoka kutoa hewa kwenye redieta, basi kuna mahali panapovuja, na kila ukiongeza maji mapya unaingiza oksijeni inayolisha kutu, hadi redieta zinajaa tope jeusi na kubaki baridi upande wa chini.

Mshale ukishuka polepole, kagua valvu za redieta. Mara nyingi hutaona tone, kwa sababu hukauka juu ya bomba la moto kabla ya kufika sakafuni. Utaona ukoko wa kijani au mweupe kwenye maungio, au zulia lililobadilika rangi. Lakini mshale ukiruka hadi karibu na bari 3 boila inapowaka, kisha ukalala kwenye sifuri ikipoa, shuku chombo cha kutanukia, ambacho ndani yake utando wa mpira hutenganisha maji na hewa. Hewa hiyo ikiisha, maji yanayotanuka hukosa nafasi, valvu ya usalama hufunguka kwenye bari 3, na bomba dogo la shaba lililotokeza ukuta wa nje huanza kudondosha. Mpangaji anayejaza maji kila asubuhi katika hali hiyo anayamwaga uani.

Tanga fundi bomba angekuja, nawe ungesimama kando yake ukiuliza. Huku anayegusa sehemu za gesi lazima awe kwenye Gas Safe, rejista ya mafundi wa gesi iliyochukua nafasi ya ile ya CORGI mwaka 2009, na sina ugomvi na sharti hilo, kwa kuwa kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Ugomvi wangu ni na wakala wa nyumba niliyopanga, ambaye kila nilipomwandikia alinijibu niongeze maji, ilhali sheria ya England ya mwaka 1985 kuhusu wenye nyumba na wapangaji inamtaka mwenye nyumba atunze vifaa vya kupasha nyumba joto. Wengi wetu hunyamaza kwa mazoea ya nyumbani, ambako anayedai matengenezo huweza kuambiwa ahame. Mimi niliandika kipimo kilivyosoma asubuhi boila ikiwa imepoa na jioni ikiwa moto, nikaambatanisha picha za bomba la nje lililokuwa likidondosha, na ndipo fundi alipotumwa. Alikijaza hewa chombo cha kutanukia na kuondoka kabla ya adhuhuri.